Padri Lemaître na Ulimwengu Unaotanuka

Mpenzi msomaji, pengine umepata kusikia kwamba ulimwengu unatanuka, ukashindwa kufahamu maana yake. Hebu tazama donge la unga lililotiwa hamira na zabibu kavu. Linapoumuka, kila zabibu hujitenga na nyingine zote, na iliyo mbali maradufu hujitenga kwa kasi maradufu. Hakuna zabibu iliyotembea. Ni unga uliokua. Vivyo hivyo, nafasi iliyo baina ya makundi makubwa ya nyota, yaitwayo galaksi, ndiyo inayoongezeka.

Miongoni mwa waliolitambua jambo hili mapema ni Georges Lemaître, aliyezaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akasoma hisabati, na mwaka 1923 akawa padri wa Kikatoliki.

Mwaka 1927 alitoa makala akiunganisha kanuni za Einstein na vipimo vya nuru ya galaksi. Chora mstari wa mawimbi juu ya puto, kisha ulipulize: mawimbi yatarefuka. Ndivyo nuru ya mbali inavyorefushwa njiani, ikatufikia ikiwa imeelekea wekundu. Einstein alipokutana naye mwaka huo huo aliikubali hesabu yake, lakini akaikataa maana yake.

Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alitangaza vipimo vilivyoonyesha uhusiano wa umbali na kasi, na sifa zikamwendea yeye. Lemaître hakugombea. Alipoifasiri makala yake kwa Kiingereza mwaka 1931, aliiacha sehemu iliyoonyesha kwamba alikuwa ametangulia kuikadiria kasi hiyo. Mwaka huo pia alieleza kwamba, tukirudi nyuma, vyote vilianza katika kitu kimoja kidogo kilichosongamana mno.

Mwaka 1951 Papa Pius XII aliihusisha elimu hiyo na uumbaji. Lemaître hakupendezwa. Alimwamini Mungu kwa moyo wote, lakini hakutaka imani iegemee juu ya nadharia ambayo kesho yaweza kurekebishwa.

Mwaka 1965 ilitangazwa kuwa umegunduliwa mnururisho hafifu uliosalia tangu zama za mwanzo zenye joto kali. Lemaître alipata habari hizo kabla ya kufariki tarehe 20 Juni, 1966. Mwaka 2018 wanafalaki wa dunia walipiga kura kwamba kanuni ya Hubble iitwe ya Hubble na Lemaître.

Basi, msomaji, ewe utafutaye ukweli, zingatia: mtu huyu hakuuharakisha ukweli, wala hakuutumia kujitukuza. Aliungoja kwa subira, nao ukadhihirika.