Martino, Askari wa Viapo Viwili

Katika karne ya 4 dola ya Roma ilikuwa kubwa sana. Ilienea toka Uingereza mpaka Misri. Mtawala wake aliitwa Kaisari, na nguvu zake zilikuwa katika majeshi yake. Askari walitoka katika makabila mengi, na kila kabila lilikuwa na lugha yake. Lakini amri za vita zilitolewa kwa Kilatini. Basi, kijana akiingia jeshini, ilimpasa kujifunza maneno ya Kilatini kama alivyojifunza kushika upanga. Mengine ya maneno hayo yasikika hata leo shuleni na kanisani. Haya ndiyo maisha ya askari mmoja aliyeyajua vema.

Martino alizaliwa Savaria, katika nchi ya Pannonia. Siku hizi mji huo uko katika nchi ya Hungaria, nao waitwa Szombathely. Jina lake kwa Kilatini ni Martinus. Latoka kwa Mars, mungu wa vita wa Waroma. Baba yake alianza kazi kama askari mdogo, akapanda cheo hata akawa tribunus, yaani mkuu wa kikosi. Baadaye alihamia Ticinum, mji wa Italia uitwao sasa Pavia. Huko ndiko Martino alikokua.

Wazazi wake hawakuwa Wakristu. Lakini mtoto alipokuwa na miaka 10, alikimbilia kanisani bila ruhusa yao, akaomba kuwa katekumeni. Miaka michache baadaye alitamani kwenda kukaa peke yake mahali pasipo watu, apate kusali. Baba yake alikasirika. Yeye alitaka mwana askari, siyo mwana wa kusali.

Sheria ya Kaisari ilimsaidia baba. Askari mzee aliyemaliza utumishi wake aliitwa veteranus. Veteranus alipata haki nyingi, lakini wanawe walilazimishwa kuingia jeshini. Martino alipotimiza miaka 15, baba yake mwenyewe alimtaja kwa wakubwa. Kijana akakamatwa, akatiwa minyororo, akapelekwa kuapa.

Askari mpya aliitwa tiro, na kiapo chake kiliitwa sacramentum. Aliapa kufanya yote atakayoamriwa na Kaisari, asitoroke kamwe, wala asikatae kufa kwa ajili ya dola. Kiapo hicho hakikuwa mchezo. Askari aliyekivunja aliweza kuuawa. Lakini neno hilo lilikuwa na njia nyingine pia. Zaidi ya miaka 100 kabla ya Martino, Wakristu wa Afrika ya Kaskazini waliosema Kilatini walikuwa wamekwisha kulichukua. Waliona ya kuwa mtu akibatizwa, naye aapa: aahidi kumtumikia Kristu mpaka kufa. Ndiko litokako neno sakramento.

Martino akawa mpanda farasi katika vikosi vya walinzi wa Kaisari. Kikosi cha walinzi hao kiliitwa schola. Ni neno lile lile lililozaa neno shule. Kambini usiku uligawanywa katika zamu 4, na kila zamu iliitwa vigilia. Aliyelala katika zamu yake aliadhibiwa vikali. Nalo Kanisa liliuita mkesha wa sikukuu vigilia, kwa sababu Mkristu akeshaye kwa sala ni kama mlinzi asiyelala.

Askari wa cheo cha Martino walikuwa na watumwa wa kuwahudumia. Yeye alikuwa na mmoja tu. Lakini wenzake walishangaa walipoona jinsi wawili hao walivyoishi. Mara nyingi bwana ndiye aliyemvua mtumwa viatu na kuvisafisha. Walikula pamoja, na mara nyingi bwana ndiye aliyeandaa chakula. Mshahara wake aliugawia maskini, akajiwekea kiasi cha chakula cha kila siku tu.

Wakati mmoja kikosi chake kilikuwa katika mji wa Amiens, kaskazini ya Ufaransa. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali hata watu wengi walikufa. Penye lango la mji Martino alimkuta maskini mmoja aliye uchi, anatetemeka na kuomba. Watu walipita, hakuna aliyesimama. Martino hakuwa na kitu ila silaha zake na joho la askari alilojifunika. Akachomoa upanga, akalikata joho katikati, nusu akampa maskini, nusu akajifunika mwenyewe. Watu wengine walimcheka walipomwona na kipande cha nguo. Wengine waliona haya, kwa kuwa walikuwa na nguo nyingi kuliko yeye, wala hawakutoa kitu.

Sulpicius Severus, aliyemjua Martino na kuandika maisha yake, asimulia ya kwamba usiku ule Martino alimwona Kristu katika ndoto, amevaa ile nusu ya joho. Kisha Martino alibatizwa. Sasa alikuwa mtu wa viapo viwili: kimoja kwa Kaisari, kimoja kwa Kristu.

Je, mtu aweza kushika viapo viwili? Kwa muda Martino aliweza. Lakini siku ilifika ilipombidi kuchagua. Julianus, aliyekuwa na cheo cha Kaisari katika Galia, alikusanya jeshi karibu na mji wa Worms, ambao sasa uko Ujerumani. Adui walikuwa karibu. Kabla ya vita Julianus aligawa donativum, yaani zawadi ya fedha kwa kila askari. Waliitwa mmoja mmoja kwa majina. Aliyeipokea alionyesha kwamba yu tayari kupigana.

Jina la Martino likaitwa. Yeye alikwenda mbele, lakini hakunyosha mkono. Alisema ya kwamba zawadi ile wapewe watakaopigana. Yeye amemtumikia Kaisari hata sasa, basi aachiwe amtumikie Mungu. Akaomba missio. Kwa askari missio ilikuwa ruhusa ya kutoka jeshini na kwenda zake. Neno hilo latoka katika kitendo kimoja cha Kilatini chenye maana ya kutuma au kuacha aende. Katika kitendo hicho hicho yatoka misioni, kazi ya wale waliotumwa.

Julianus akakasirika, akamwita mwoga. Alidhani kwamba Martino aogopa vita ya kesho. Neno hilo ni chungu kwa askari ye yote. Martino hakujitetea kwa maneno mengi. Alisema kwamba kesho yu tayari kusimama mbele ya jeshi lote, bila ngao wala kofia ya chuma, na kuingia kati ya adui kwa ishara ya msalaba tu. Wakamfunga gerezani, wapate kumtimizia neno lake asubuhi. Lakini siku ya pili adui walituma wajumbe kuomba amani. Hapakuwa na vita, na Martino akapata missio yake.

Alikwenda Poitiers kwa Askofu Hilarius, akawa mwanafunzi wake. Kisha alirudi Pannonia kuwatafuta wazazi wake. Mama yake aliamini akabatizwa. Baba yake hakukubali. Mnamo mwaka 361 Martino alianza kukaa Ligugé, karibu na Poitiers, na watu wengine wakamfuata kuishi maisha ya kimonaki.

Mwaka 371 watu wa Tours walimtaka awe askofu wao. Walijua kwamba atakataa, basi walitumia hila. Mtu mmoja alikuja kulia kwamba mkewe ni mgonjwa. Martino alitoka kwenda kumwombea, na njiani watu wakamzunguka, wakampeleka mjini. Alikuwa askofu, lakini kanisani alikataa kiti kikubwa cha enzi, akakalia kigoda cha miguu mitatu. Alijenga monasteri nje ya mji, mahali paitwapo Marmoutier, wakakaa naye wanafunzi wapata 80. Yeye mwenyewe alikaa katika kibanda cha miti.

Mwaka 397, alipokuwa mzee, alisikia kwamba mapadri wa Candes wanagombana. Akaenda kuwapatanisha. Kazi ilipokwisha, nguvu zilimwishia. Wanafunzi wake walilia, wakamsihi asiwaache. Ndipo mzee alisali kwa maneno ya kambini. Alimwambia Mungu kwamba amechoka. Lakini ikiwa watu wake wamhitaji bado, atazidi kusimama chini ya bendera zake mpaka atakapoamriwa kupumzika. Kwa Julianus aliomba missio bila woga. Kwa Mungu alingoja aitwe. Alikufa huko Candes, akazikwa Tours tarehe 11 Novemba, siku ambayo Kanisa lamkumbuka kila mwaka.

Baadaye wafalme wa Wafaranki walilitunza joho lake kama kitu kitakatifu. Joho hilo waliliita cappa, na mahali lilipowekwa pakaitwa capella. Kila kapela duniani imepata jina lake katika nguo ile ya askari. Upanga wa Martino haukumshindia Kaisari mji hata mmoja, bali ulikata nguo mara moja, na kazi hiyo haijasahauliwa.

Maswali
1. Askari wa Roma aliapa nini katika sacramentum yake?
2. Kwa nini Martino hakupokea donativum?
3. Julianus alimwita mwoga. Je, alisema kweli? Eleza.
4. Maneno shule na kapela yametoka wapi?
5. Martino alisali nini kabla ya kufa?