Rafiki wa Steringi

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kigoma kwa treni, nikafika Mwanga nimechoka kama gunia, nikakuta chumba changu kimetekwa. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa humo na wenzake wanne, laptopu moja, bakuli la karanga, na ubishi ambao ungedhani ni wa Simba na Yanga. Kumbe ni katuni. Walikuwa wanabishana kuhusu Star Wars: The Clone Wars, sizoni zote saba, na swali lililowatoa mishipa ya shingo lilikuwa moja tu: steringi wa ile kitu ni nani?

Wenzangu mliokulia kwenye vibanda umiza mnajua sheria. Steringi hafi. Anayekufa ni rafiki yake, tena anakufa mapema, halafu steringi anapiga magoti mvuani, analia, anakwenda kulipa kisasi. Rafiki wa steringi tunamsahau hata kabla taa hazijawashwa.

Kwa ambao hamjaifuatilia, hii ni katuni ndefu ya vita vya anga za mbali, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2008 na kumalizika 2020. Wakubwa wa vita ni Jedi, watu wenye panga za mwanga na nguvu za ajabu. Lakini wanaopigana hasa ni askari kloni, jeshi zima la watu walionakiliwa kutoka kwa mtu mmoja, Jango Fett, wakakuzwa harakaharaka kwenye sayari ya Kamino kwa ajili ya vita. Hakuna aliyewauliza. Kila mmoja alipewa namba. Majina walijitafutia wenyewe. Kapteni Rex, kwa mfano, kwenye karatasi ni CT-7567.

Wawili walimshikilia Anakin, mmoja Ahsoka. Dogo akasema steringi ni Rex, kwa sababu yupo kila mahali, anabeba kila mzigo, na mwisho bado anapumua. Yule wa karanga akamrukia: Rex hawezi kuwa steringi, Rex ni mtu wa kutumwa. Likaja suala la Amri ya 66, ile siku kloni walipogeuka na kuwapiga risasi Jedi waliopigana nao bega kwa bega. Mmoja akawatetea kwamba walipandikizwa chipu kichwani, tena Fives aliigundua akafa akijaribu kuwaambia watu. Mwingine akasema hiyo chipu ni kisingizio cha watunzi. Hapo ndipo nikachomekea jina la Bombay, nikaulizwa kama hiyo ni sinema ya Kihindi.

Sikuwashangaa. Tulipokuwa shule ya msingi tulipelekwa Ujiji kwenye mnara wa Livingstone, pale kwenye miembe, nikarudi na majina mawili kichwani: Livingstone na Stanley. La tatu nimelikuta chuoni, maktaba, nikitafuta kitu kingine kabisa.

Sidi Mubarak Bombay alizaliwa karibu mwaka 1820, kwa Wayao, kusini huko ambako leo Tanzania inapakana na Msumbiji. Akiwa na miaka kama kumi na miwili kijiji chao kilivamiwa. Akapelekwa Kilwa, akauzwa kwa nguo, akavushwa bahari hadi India, na huko akaishi utumwani miaka mingi. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Zanzibar akiwa mtu mzima. Jina tunalomwita nalo ni la mji alikopitishwa. Mubarak ni jina walilopewa watumwa wengi. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyeliandika. Nilipofika hapo dogo alisimamisha katuni, maana hata Rex alipata nafasi ya kujichagulia.

Mwaka 1857 alikuwa askari wa Sultani kwenye kambi moja karibu na mto Pangani. Wakapita Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wanaojiandaa kwenda bara kutafuta maziwa makubwa na chanzo cha Nile. Speke hakujua Kiswahili. Alijua Kihindustani cha kubabaisha, na Bombay pia alikuwa na Kihindustani chake cha miaka ya India. Basi lugha ya utumwani ikampatia kazi. Msafara ukaondoka pwani Juni 1857, ukafika Tabora Novemba, na Februari 1858 ukakaribia kwetu.

Hapa nawaomba mtulie kidogo, maana ni sehemu ninayoipenda. Burton alikuwa hawezi kutembea kwa ugonjwa, amebebwa. Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho. Wamepanda kilima, Burton akaona mstari wa mwanga kule chini, asielewe ni nini, akamuuliza Bombay. Bombay akamjibu kuwa anadhani hayo ni maji. Ndivyo Ziwa Tanganyika lilivyoingia kwenye vitabu vya Wazungu: mmoja haoni, wa pili anaona lakini haelewi, wa tatu anamwambia. Vitabu vikaandika wagunduzi wawili. (Watu wa Ujiji wakati huo walikuwa wanavua migebuka kama kawaida, na wafanyabiashara Waarabu walishapazoea. Lakini hilo tuliache, tusije tukakesha.)

Sasa ubishi wenyewe. Kaskazini mwa ziwa kuna mto Rusizi. Kama unatoka ziwani kwenda kaskazini, huenda Tanganyika ni chanzo cha Nile. Kama unaingia, hadithi imekwisha. Machi 1858 Speke alivuka ziwa na Bombay kwenda kutafuta mashua na habari. Njiani mdudu aliingia sikioni mwake, akajichokonoa kwa kisu kidogo, sikio likaharibika. Kwa hiyo aliyekwenda kuuliza habari za mto alikuwa na macho ambayo hayajapona na sikio bovu. Akarudi Ujiji akasema ameambiwa na mfanyabiashara mmoja kwamba mto unatoka. Baadaye Bombay akamweleza Burton kwamba Speke hakuelewa, yule bwana alisema unaingia. Mwezi uliofuata wakapiga makasia hadi Uvira, na wenyeji wakawahakikishia: unaingia.

Yaani fikiria hilo. Jibu la swali lililokuwa linawasumbua mabwana wa jiografia kule London lilikuwa kwenye mdomo wa mkalimani, na limeharibika njiani kwa sababu aliyelipokea hakujua lugha. Baadaye mwaka huohuo Speke akaenda na Bombay kaskazini, akaliona ziwa Nyanza pale Mwanza mwezi Agosti, akatangaza hapo ndipo Nile inapoanzia. Burton, aliyebaki Tabora, akakataa, na hoja zake mojawapo ilikuwa kwamba habari za Speke zilipita kwa Bombay kwa Kihindustani kibovu. Wakarudi Uingereza marafiki wakawa maadui. Mashabiki wakajigawa, huyu timu Burton, huyu timu Speke, wakarushiana maneno magazetini kwa miaka. Dogo na wenzake hapo ni cha mtoto. Septemba 1864 ukapangwa mdahalo wa wawili hao mjini Bath. Siku moja kabla Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa ajali. Hakuna upande uliofikiria kumwita Bombay atoe ushahidi.

Kabla ya kifo hicho Bombay alikuwa ameshafunga safari ya pili na Speke, pamoja na Grant, 1860 hadi 1863. Karagwe kwa Rumanika, Buganda kwa Mutesa, Julai 1862 Speke akasimama pale Jinja Nile inapotoka ziwani, kisha wakashuka nayo hadi Cairo. Speke alikuwa sahihi kuhusu Nyanza, ila alikuwa hajathibitisha. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa Bombay medali ya fedha. Medali sawa. Lakini katika safari hiyohiyo Speke mwenyewe aliandika kwamba alimpiga Bombay ngumi mbele ya watu wake kwa kukataa amri. Bombay akaondoka kazini, kisha akarudi.

Hapo yule wa karanga akapata silaha. Akakumbusha vipande vinne vya Umbara, sizoni ya nne, ambapo Jenerali Krell anawaita kloni kwa namba, anawatupa kwenye moto bila kujali, hadi anawafanya wapigane wenyewe kwa wenyewe gizani. Mwisho askari walimkamata. Akauliza Bombay alimkamata nani.

Swali zito, na sikuwa na jibu. Maana mwaka 1871 Stanley alipofika Zanzibar akitafuta watu wa kwenda kumtafuta Livingstone, Bombay alikubali tena, akawa mkuu wa askari wa msafara. Stanley aliandika kwamba mapengo ya meno ya mbele ya Bombay yalitokana na ngumi ya Speke, halafu na yeye akampiga. Wapagazi walitoroka njia nzima, na kila waliotoroka alaumiwe Bombay. Wakafika Ujiji. Stanley anasema ni tarehe 10 Novemba 1871, lakini hesabu za siku zilimchanganya, na wanaolinganisha na shajara ya Livingstone wanaona ilikuwa wiki mbili hivi kabla. Maneno maarufu ya salamu ile nayo yana utata: ukurasa wa shajara ya Stanley ulichanwa. Kwa hiyo tukio pekee ambalo kila mtoto wa Ujiji anafundishwa halina tarehe ya uhakika wala maneno ya uhakika. Cha uhakika ni kwamba aliyetangulia kuwalaki alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na kwamba Bombay alikuwepo, mara yake ya pili kuja kwetu.

Ya tatu ilikuwa Februari 1874, na Cameron. Walipokuwa bado Tabora, Oktoba 1873, ndipo Chuma na Susi walipofika na maiti ya Livingstone wakiipeleka pwani. Cameron akaendelea mbele hadi Ujiji, akazunguka kusini mwa ziwa kwa mashua, na Mei akaukuta mto Lukuga upande wa magharibi. Huo ndio mlango. Maji ya Tanganyika yanatokea hapo kwenda Kongo, na Kongo inayapeleka Atlantiki. Ubishi wa 1858 umepata jibu, na mtu aliyekuwepo kwenye swali na akawepo kwenye jibu ni Bombay. Burton hakuwepo. Speke alikuwa kaburini miaka kumi. Msafara ukakata bara zima, ukatokea pwani ya Angola karibu na Benguela Novemba 1875. Bombay na wenzake wakarudishwa Zanzibar kwa meli, kupitia kusini kabisa mwa Afrika. Mwaka 1876 wale wa London wakampangia pensheni ndogo.

Nikadhani nimeshinda. Nikamwambia dogo, haya, steringi ni huyo. Kumbe dogo ndiye alikuwa amenuna. Akasema Rex ana chipu, na hata hivyo kwenye vipande vya mwisho anapigana nayo machozi yanamtoka ili asimpige Ahsoka. Bombay hakuwa na chipu. Alikuwa huru, alijua utumwa unavyouma, na kila mara Mzungu alipohitaji mtu wa kumwonyesha njia alikubali mwenyewe. Halafu akataja Cut, yule kloni mtoro wa sizoni ya pili aliyeacha jeshi akaoa, akalima. Kwa nini tunamsifu aliyebaki kwenye msafara, hatuwasifu mamia waliotoroka na kurudi kwa watoto wao?

Nilijitetea kwamba ulikuwa ni mshahara, na kwamba mtu aliyeuzwa akiwa mtoto hana kijiji cha kurudi. Msafara ndiyo ulikuwa ukoo wake. Pia kwamba 1857 hakuna aliyejua ramani zile zitatumika vipi. Hilo la mwisho lilinikwama kooni, kwa sababu Bombay alifariki Zanzibar mwaka 1885, na Agosti ya mwaka huo meli za kivita za Wajerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Sultani Barghash kumlazimisha akubali kwamba bara ni lao. Miaka 29 baadaye, 1914, reli yao ikafika Kigoma. Imefuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara, Tabora hadi ziwani. Ndiyo niliyokuja nayo mimi asubuhi ile, nimelala, nimeegemea begi.

Yule wa karanga akasema basi Bombay ni mtu wa kutumwa, kesi imefungwa. Dogo, ambaye dakika tano nyuma alikuwa anamshtaki, akageuka akaanza kumtetea: kwamba wote wanne waliompa amri waliandika vitabu, yeye hakuandika hata barua, na mtu hahukumiwi kwa maelezo ya waliompiga. Wakaanza upya. Bila hata kunitazama wakarudisha Umbara kutoka mwanzo, wahakikishe nani alianza kumwelekezea Krell bunduki. Mimi nikachukua godoro nikaenda kulala sebuleni.