Harvey Cushing: Daktari aliyepigana na damu ndani ya fuvu la kichwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, ukiambiwa una uvimbe kwenye ubongo, ndugu zako walianza kujiandaa kwa msiba. Ukibaki na uvimbe unakufa, ukienda kupasuliwa kuna uwezekano mkubwa unafia mezani. Na kilichowaua wengi pale mezani ni damu.

Ubongo si kama mguu. Mshipa ukikatika mguuni, daktari anaubana kwa koleo, anaufunga kwa uzi, kazi inaendelea. Ndani ya ubongo nyama ni laini kama uji mzito, mishipa ni myembamba kupindukia, na ukivuta uzi unachana kila kitu. Halafu fuvu ni sanduku lililofungwa. Damu kidogo tu ikibaki ndani baada ya kushona, inaukandamiza ubongo na mgonjwa haamki tena.

Aliyeamua kuishi na tatizo hilo ni Mmarekani Harvey Cushing.

Alizaliwa Aprili 8, 1869 mjini Cleveland, jimbo la Ohio, mtoto wa mwisho kati ya kumi. Baba yake daktari, babu yake daktari. Alisoma Chuo Kikuu cha Yale, kisha udaktari Harvard, akamaliza mwaka 1895.

Akiwa bado mwanafunzi lilimkuta jambo ambalo karibu limtoe kwenye fani. Zama hizo kazi ya kuwalaza wagonjwa kwa etha walipewa wanafunzi, tena bila mafunzo ya maana. Mgonjwa mmoja alifia mikononi mwake. Cushing alifikiria kuacha udaktari kabisa. Badala yake, yeye na rafiki yake Ernest Codman wakaanza kuandika kwenye karatasi mapigo ya moyo na upumuaji wa mgonjwa tangu analazwa hadi anashonwa. Leo hakuna oparesheni isiyo na karatasi hiyo, au skrini inayofanya kazi yake.

Shule ya taratibu

Mwaka 1896 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, chini ya William Halsted. Wakati huo daktari mzuri wa upasuaji alihesabika kuwa yule mwenye mkono wa haraka. Halsted alikuwa kinyume chake: anakata kidogo, anabana kila mshipa unaovuja, ndipo anaendelea. Mambo polepole, damu chache.

Mwaka 1900 Cushing akavuka bahari hadi Bern, Uswisi, kwa Theodor Kocher, bingwa wa kuondoa rovu. Kocher naye alikuwa wa shule hiyo hiyo. Njiani, mwaka 1901, alipita Pavia nchini Italia akaona kifaa cha Scipione Riva-Rocci: mkanda wa kufunga mkononi na kujaza upepo ili kupima presha. Alirudi nao Marekani akaanza kuutumia chumba cha upasuaji. Ikumbukwe mgonjwa anayepoteza damu, presha yake hushuka. Kwa kipimo hicho daktari anaweza kujua hali inageuka kabla mambo hayajaharibika.

Hapo ndipo akajitosa kwenye ubongo, eneo ambalo wenzake wengi walilikwepa.

Mbinu zake, ukizitazama leo, nyingine zinaonekana za kawaida sana. Mkanda wa kujaza upepo unaozunguka kichwa ili ngozi isivuje. Nta ya kuziba mifupa inayotoa damu, ambayo alianza nayo Victor Horsley wa London. Vipande vidogo vya pamba. Mwaka 1911 akatangaza vibanio vidogo vya fedha, ile fedha ya pete, vya kubana mshipa ambao uzi hauwezi kuufunga na kuviacha humo humo ndani.

Na kama damu ilizidi? Anasimama. Anafunika, anashona, anamrudisha mgonjwa wodini, halafu siku kadhaa baadaye anaanza tena pale alipoishia. Kwa daktari mwenye majivuno kama yeye, na alikuwa nayo kweli, kukubali kuacha kazi katikati si jambo dogo.

Wasaidizi wake hawakumwona malaika. Alikuwa mkali, anafoka, anataka kila kitu kama anavyotaka yeye. Ila alishinda na mgonjwa mmoja mezani kwa saa nyingi, na kufunga bandeji alifanya kwa mkono wake.

Mwaka 1912 alihamia hospitali ya Peter Bent Brigham, Boston. Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta huko na kumpeleka mpaka Ubelgiji, kwenye hema za majeruhi. Mwaka 1917, katika miezi mitatu ya mapigano ya Ypres, vifo vya wanajeshi aliowafanyia upasuaji wa majeraha yaliyopenya ubongo vilishuka kutoka takriban asilimia 54 hadi 29. Wakati huo huo alisimama kando ya kitanda cha Revere, mtoto pekee wa kiume wa rafiki yake mkubwa William Osler, akimwona anakata roho.

Mwaka 1926

Mwaka huu ulimpa kila kitu na kumnyang'anya. Kitabu alichoandika kuhusu maisha ya Osler kilishinda tuzo ya Pulitzer. Mwezi Juni, mwanawe William, mwanafunzi wa Yale, akafa kwa ajali ya gari. Cushing alipata taarifa asubuhi, akampigia mkewe simu, kisha akaingia chumba cha upasuaji kwa sababu mgonjwa alikuwa anamsubiri.

Miezi michache baadaye akaja mzee mwenye uvimbe kichwani uliojaa mishipa ya damu. Cushing alijaribu kuuondoa, damu ikamshinda, akafunga. Kipindi hicho pale Harvard kulikuwa na mtu anaitwa William Bovie, ambaye wala hakuwa daktari wa binadamu, shahada yake ilihusu mimea. Bovie alikuwa ametengeneza mashine ya umeme inayokata nyama na kugandisha damu.

Usidhani ni chuma cha moto. Ncha yake hupitisha umeme wa mawimbi ya kasi kubwa, kasi ambayo misuli na neva haziwahi kushtuka, na joto huzaliwa ndani ya nyama yenyewe pale umeme unapopita. Mpangilio mmoja unakata, mwingine unaziba mishipa.

Oktoba 1, 1926 mzee yule alirudishwa mezani, Bovie akiwa pembeni na mashine yake. Uvimbe ulikatwa kipande baada ya kipande, huku ukivuja kidogo kuliko mara ya kwanza. Mwanafunzi aliyeletwa kujitolea damu alizimia akaanguka, mgonjwa akatoka mzima.

Baada ya hapo Cushing alianza kuwaita wagonjwa aliokuwa amewaambia hawawezi kupasuliwa. Mashine haikuwa salama asilimia mia, iliwahi kumpiga shoti yeye mwenyewe akiwa kazini. Mwaka 1928 aliandika matokeo yake, na dunia ya upasuaji ikafuata. Bovie aliuza haki za uvumbuzi kwa dola 1. Alikufa bila mali mwaka 1958, na mashine hizo hadi leo wengi wanaziita kwa jina lake.

Hata hivyo damu haikukoma kumfuata Cushing. Mwaka 1910 alikuwa amemwondolea uvimbe Jenerali Leonard Wood, mmoja wa wakubwa wa jeshi la Marekani, kwa awamu mbili, na kazi hiyo ikampa jina. Uvimbe ukarudi. Agosti 1927 Wood, akiwa sasa gavana mkuu wa Ufilipino, alilazwa tena mbele yake. Safari hii ilikuwa awamu moja, na mashine ya umeme ikiwepo. Damu ilivuja hadi kwenye vyumba vya ndani vya ubongo na jenerali akafa saa chache baadaye. Ilimuuma Cushing sana.

Aliendelea. Mwaka 1931 alitimiza uvimbe wa ubongo wa 2,000 uliothibitishwa, kila mmoja ukiandikwa na Louise Eisenhardt, mtaalamu wa maabara aliyekuwa mkono wake wa kulia. Vifo vya upasuaji wake vilikuwa vimeshuka hadi chini ya asilimia 10. Mwaka uliofuata alieleza ugonjwa wa tezi ndogo chini ya ubongo ambao madaktari bado wanauita kwa jina lake, kisha akastaafu Brigham na kurudi Yale.

Miguu ilikuwa inamsumbua tangu vitani, na sigara hakuiacha. Alikufa Oktoba 7, 1939 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 70. Madaktari walipofungua mwili wake kuuchunguza, walikuta uvimbe mdogo katikati ya ubongo.

Vitabu vyake vya kale aliwaachia Yale. Ubongo na vivimbe vya wagonjwa wake navyo viko huko, kwenye mitungi ya kioo, pamoja na picha walizopigwa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.