Fumo Liyongo, kisima na wanawake wa Kipini

Sisi watu wa Kipini na Ozi hatuhitaji kuambiwa Fumo Liyongo ni nani. Wazee wetu huonyesha kaburi lake huku huku kwetu. Utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, karne nyingi baada ya shujaa huyo kufariki.

Daudi Mringwari wa Pate alimhofia kwa sababu ya ufalme, akamtia gerezani. Mamake Liyongo akaoka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani. Kijakazi ndiye aliyeupeleka. Walinzi walikula vyakula vizuri, wakamwachia mfungwa wishwa. Ngoma ya gungu ilipohanikiza, alikata minyororo akatoroka.

Mwishowe mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, alimdunga sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo akashika upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na kufa hivyo hivyo, mshale umeelekezwa. Watu wakaogopa kuteka maji. Mji ulipobanwa na kiu, aliombwa mama yake aende kumbembeleza, hadi mwili ulipoanguka.

Nyanya aliponisimulia utotoni, nilishika habari za upinde tu. Siku hizi nafikiria kisima.

Mto Tana ukipungua kwa ukame, maji ya bahari hupanda na kuharibu mashamba ya mpunga ya Ozi. Mvua zikizidi, kama mwaka 1997 na 2023, mafuriko hufagia. Nyakati zote mbili, wanaobeba mtungi ni wanawake na wasichana.

Lakini mzigo wao haulingani. Mama yake Liyongo alikuwa mtu wa ukoo. Kijakazi hakuwa hata na nafsi yake, na ndiye aliyepita mbele ya walinzi. Vivyo hivyo leo, mwenye mume na mashua ataletewa maji matamu kutoka mbali. Mjane asiye na hati ya shamba, au mlemavu, atakunywa ya chumvi.

Mji ulipokwama, ulimwendea mwanamke. Sisi twawaita wanawake vikaoni tukishaamua. Ombi langu kwa wazee na viongozi wetu: kikao kijacho cha maji, mjane yule aitwe kwanza, na asikizwe kabla yetu.