Sidi Mubarak Bombay: Kiongozi wa Misafara

Sidi Mubarak Bombay, Myao, alizaliwa yapata mwaka 1820. Angali mtoto alitekwa na wafanyabiashara ya utumwa, akapelekwa Kilwa, kisha akavushwa bahari hadi India. Bwana wake alipofariki, alipata uhuru na kurudi Zanzibar, akiwa na jina la Bombay na lugha ya Kihindustani.

Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika pwani yetu, wakiungwa mkono na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, ili kuyatafuta maziwa makuu. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindustani. Hivyo Bombay akawa mkalimani wake. Februari 1858 walifika Ziwa Tanganyika. Agosti mwaka huo, Speke na Bombay waliliona ziwa ambalo Speke aliliita Victoria, kwa jina la malkia wake, ingawa wavuvi wa huko walikuwa na jina lao tangu kale.

Mwaka 1860 Bombay alisafiri tena na Speke, hadi Misri. Mwaka 1871 alikuwa katika msafara wa Stanley uliomkuta Livingstone Ujiji. Mwaka 1873 aliondoka Bagamoyo pamoja na Verney Cameron, na mwaka 1875 wakafika Bahari ya Atlantiki, upande wa Angola.

Burton na Speke walitunukiwa medali za dhahabu. Bombay alipewa ya fedha. Wapagazi wengi waliokufa njiani kwa njaa na maradhi hawakuachiwa hata jina.

Bombay alifariki Oktoba 1885. Februari mwaka huohuo, Mkutano wa Berlin ulikuwa umehitimishwa, na Kaisari wa Ujerumani alikuwa ameiweka chini ya ulinzi wake nchi ya Usagara, iliyo katika njia ileile ya misafara. Ramani zilizochorwa kwa jasho la wapagazi sasa ziliwasaidia watawala wageni.

Wapendwa, elimu ni zawadi ya Mungu, na kuvichunguza viumbe vyake ni jambo jema. Lakini elimu isiyo na haki humgeuza mwenye sura ya Mungu kuwa chombo tu. Hata leo watafiti hufika vijijini mwetu kuulizia dawa za miti shamba, udongo na madini. Mzee anayewaonyesha njia asinyimwe ujira wake, wala jina lake lisifutwe.