Helen Richey

Helen Richey (21 Novemba 1909 – 7 Januari 1947) alikuwa rubani kutoka nchini Marekani. Anajulikana kama mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kuajiriwa na shirika la ndege kurusha ndege za abiria zenye ratiba.

Maisha ya awali

Richey alizaliwa McKeesport, mji wa viwanda vya chuma karibu na Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa msimamizi wa shule za mji huo. Alianza kujifunza urubani akiwa na umri wa miaka 20 hivi. Alipopata leseni, baba yake alimnunulia ndege.

Kukusanya uzoefu

Rubani mwenye leseni mpya hakabidhiwi abiria mara moja. Lazima kwanza awe na saa nyingi za kuruka. Richey alizipata katika maonyesho na mashindano ya ndege. Desemba 1933, yeye na Frances Marsalis walikaa angani huko Miami, Florida, kwa karibu siku 10 bila kutua. Mafuta na chakula vilishushwa kutoka ndege nyingine iliyoruka juu yao. Wakati mmoja kitambaa cha bawa kilipasuka, na Richey alitoka nje kukitengeneza ndege ikiwa angani.

Kazi katika Central Airlines

Mwaka 1934 Central Airlines, shirika dogo la Pennsylvania, lilimwajiri kama rubani msaidizi. Safari yake ya kwanza ilikuwa tarehe 31 Desemba 1934, kutoka Washington, D.C. hadi Detroit, kwa ndege ya Ford yenye injini tatu.

Hata hivyo, chama cha marubani, ambacho wanachama wake wote walikuwa wanaume, kilikataa kumpokea. Idara ya serikali iliyosimamia usafiri wa anga nayo ilitaka asirushe ndege katika hali mbaya ya hewa. Hivyo alipangiwa safari chache tu, ingawa uzoefu wake haukuwa na shaka. Alijiuzulu mwaka 1935.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1936 alishiriki mbio za Bendix pamoja na Amelia Earhart, wakashika nafasi ya tano. Baadaye alikuwa mwalimu wa urubani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikwenda Uingereza kupeleka ndege za kivita kutoka viwandani hadi vituoni, na kwa muda aliongoza marubani wanawake wa Marekani waliokuwa huko. Kisha alirudi kwao, akafanya kazi kama hiyo katika kikosi cha WASP.

Baada ya vita, marubani wengi wa kiume walirudi nyumbani wakitafuta kazi, na Richey hakupata ajira ya kurusha ndege. Alifariki New York akiwa na umri wa miaka 37. Ilihesabiwa kwamba alijiua.

Shirika kubwa la ndege la Marekani lilimwajiri tena rubani mwanamke mwaka 1973, Emily Howell Warner alipoingia Frontier Airlines.