Denys Finch Hatton: Maisha Yake na Kaburi la Ngong

Ibra haipatikani katika maisha ya wacha Mungu peke yao. Iko pia katika maisha ya watu wa dunia, walioruzukiwa neema nyingi, nasi tukatazama walizitumiaje. Mmoja wao ni Denys Finch Hatton, ambaye kaburi lake liko mteremkoni mwa milima ya Ngong, katika Kajiado.

Alizaliwa Uingereza tarehe 24 Aprili 1887, katika ukoo mkubwa wa mabwana wa Winchilsea. Alisoma Eton, kisha chuo cha Brasenose, Oxford. Huko aliipenda gofu kuliko vitabu, hata akaichezea Oxford. Lakini shahada aliyotoka nayo ilikuwa ya daraja la chini. Akili haikumpungukia. Ila kila kitu kilimjia kwa wepesi, na apataye kwa wepesi hajui thamani.

Mwaka 1911 akaja Kenya, akanunua ardhi upande wa Eldoret. Mwaka huo huo Wamasai walifungishwa mkataba wa kuihama Laikipia, wakasukumwa kusini, katika nchi ambayo Kajiado na Kitengela zimo. Mgeni alipata ardhi wakati wenyeji wakiipoteza. Walakini hata ukulima na biashara havikumshika. Alimwachia mshirika wake kazi, yeye akachukua bunduki kwenda kuwinda.

Vilipozuka vita mwaka 1914, njia ya majeshi kuelekea mpaka wa Wadachi ilipita Kajiado. Tarehe 3 Novemba jeshi la Waingereza lilitoka Namanga kuishambulia Longido, likarudi bila ya kuiteka. Finch Hatton alijiunga na kikosi cha rafiki yake Berkeley Cole, kilichokuwa na askari wa Kisomali, ndugu zetu Waislamu. Baadaye alikuwa msaidizi wa Jenerali Hoskins, akamfuata hadi Iraki, akatunukiwa nishani ya Military Cross. Na mwaka 1918 akajifunza urubani Misri. Vijana wengi aliosoma nao hawakurudi kutoka vita vile.

Baada ya vita alifanya kazi ya kuwaongoza matajiri katika uwindaji, na mwaka 1928 akamwongoza mrithi wa ufalme wa Uingereza. Maskani yake yalikuwa katika shamba la kahawa la Karen Blixen, chini ya Ngong.

Hapo ndipo lilipodhihiri jambo lake jema. Aliona watu wakiwapiga simba risasi katika Serengeti wakiwa juu ya magari, bila ya taabu wala huruma. Yeye, aliyekuwa akila kwa uwindaji, akaandika katika gazeti la Times la London kuulaumu uovu ule, akashauri wanyama wapigwe picha badala ya risasi. Kusema kweli inayopunguza chumo lako si jambo dogo. Mwaka 1951 Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa.

Mei 1931 aliruka kwa ndege yake kuja pwani yetu, alikokuwa na nyumba Takaungu, kisha akaenda Voi kutafuta tembo. Asubuhi ya tarehe 14 ndege iliinuka, ikaanguka, ikaungua. Alikufa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Umri wake ulikuwa miaka 44.

Alizikwa Ngong, na nduguye akamjengea mnara. Kitabu cha Karen Blixen cha mwaka 1937 kikaeneza jina lake duniani. Walakini jina la Kamau, aliyeungua naye saa ile ile, halimo katika jiwe lile. Na Billea Issa, Msomali aliyemtumikia miaka mingi, ni wachache wanaomtaja.

Basi tuwaambie vijana wetu walio vyuoni: mchezo, mali na ushujaa ni neema, lakini hupita pamoja na mwenyewe. Lililobaki likiwafaa wengine ni neno lake moja la haki, alilolisema akiwa amekwisha pita miaka 40. Lau angalianza mapema! Nanyi mkianza, msiwasahau kina Kamau na Billea wanaowabebea mizigo yenu. Jiwe la kaburi huandika jina moja; hesabu ya Mwenyezi Mungu haimsahau mtu.